Gari ndogo used inashikaje bei: jinsi ya kujua itashuka lini na we ufanye nini

Mtu akitafuta gari ndogo iliyotumika maswali yake huwa yale yale, inakula mafuta kiasi gani, spea zinapatikana, injini ni nzima, imeshagongwa au bado. Swali la siku atakapoiuza linakuja baadaye sana, mnunuzi ashasimama mbele ya boneti anatikisa kichwa. Hapo ndo unagundua kwamba hela kubwa iliyoondoka kwenye ile gari haikuwa ya mafuta wala ya sevisi, ilikuwa ni kushuka kwa bei, sema hii hulipi sheli wala kwa fundi kwa hiyo huisikii mfukoni mpaka siku ya mwisho. (Hii ni kweli zaidi kama uliichukua ikiwa bado mpya mpya, gari ikishazeeka matengenezo nayo yanaanza kushindana.)

Naongelea gari za saizi ya Corolla, Civic, Golf na Mazda3, pamoja na wadogo zao kina Yaris, Fit na Swift. Hizi zina bahati moja, soko lake ni pana, anayezitaka ni mwanafunzi, mstaafu, mtu wa kampuni, familia inayotafuta gari ya pili. Gari kubwa ya kifahari ikizeeka wanunuzi wanabaki wa kuhesabu maana kuihudumia bado ni gharama ya kifahari hata kama bei yake ya kununua imeshuka mpaka inalingana na gari ndogo. Lakini hata hizi ndogo zenyewe hazifanani, unakuta mbili zimetoka kiwandani mwaka mmoja, zikiwa mpya bei zilikuwa zinakaribiana, miaka saba mbele moja watu wanaigombania na nyingine tangazo linapandishwa na kushushwa mpaka mwenyewe kachoka.

Kwanza elewa bei inavyoshuka

Ukiuliza utaambiwa gari inashuka asilimia kadhaa kila mwaka. Sawa, tuanzie hapo maana hesabu yake inasaidia. Sema gari mpya ni 100 na kila mwaka inapoteza asilimia 15 ya kile kilichobaki: baada ya mwaka ni 85, halafu 72, 61, 52, 44, mwaka wa sita 38, wa tisa 23. Aliyeinunua mpya akaiachia mwaka wa tatu kapoteza 39. Aliyeichukua kwake akakaa nayo miaka mitatu kapoteza 23. Wa tatu naye kakaa nayo miaka mitatu, kapoteza 15. Wote wameendesha muda ule ule, aliyeumia zaidi ni wa kwanza, na kiuhalisia anaumia hata kuliko hivyo kwa sababu mwaka wa kwanza peke yake namba inayotajwa sana ni asilimia 20 hivi.

Kwa nini mwaka wa kwanza uume hivyo wakati gari bado inanukia upya? Sehemu kubwa ya jibu aliitoa mchumi wa Marekani George Akerlof mwaka 1970, kwenye makala iliyochangia kumpa Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Hoja yake kwa lugha ya mtaani ni hii: muuzaji anaijua gari yake, mnunuzi haijui. Mnunuzi anajiuliza, mtu anauzaje gari ya mwaka mmoja kama haina tatizo, kwa hiyo anatoa bei ya gari yenye mashaka hata kama yako ni nzima kabisa. Mwenye gari nzima akiiona ile bei anaghairi anabaki nayo, mwenye kimeo anauza fasta, soko linazidi kujaa vimeo na bei inazidi kushuka. Kwa hiyo mtu akikukata bei, sehemu ya anachokata ni uchakavu wa gari na sehemu nyingine ni hofu yake mwenyewe. Uchakavu unakuja taratibu. Hofu inakuja kwa mkupuo.

Ndo maana ile picha ya bei inateremka taratibu kila mwezi siikubali. Bei ya gari ndogo inashuka ngazi: inakaa, inakaa, alafu puu, inadondoka kwa siku chache kiasi ambacho ilikuwa haijadondoka mwaka mzima. Ukijua ngazi ziko wapi unanunua mara tu baada ya kudondoka, na unauza kabla ya inayofuata. Hiyo ndo siri yote, mengine yanayofuata ni namna ya kuzitambua tu.

Ngazi zenyewe

Ya kwanza na inayodharauliwa zaidi ni namba za odomita. Mwaka 2012 watafiti Nicola Lacetera, Devin Pope na Justin Sydnor walichapisha uchambuzi wa mauzo zaidi ya milioni 22 ya magari yaliyotumika kwenye minada ya jumla ya Marekani, wakakuta bei inadondoka ghafla kila odomita inapovuka maili 10,000 nyingine. Gari yenye maili 79,900 na kitu ilikuwa inauzwa juu kuliko yenye 80,000 na kidogo, wakati tofauti yao ni safari za siku chache tu. Jicho la mtu linasoma tarakimu ya kushoto, zinazofuata linazipitia juu juu. Kwenye kilomita ni hivyo hivyo, na ukuta mkubwa kuliko zote ni 100,000. Siku hizi umekuwa mkubwa zaidi kwa sababu mtu akitafuta mtandaoni anachagua "chini ya 100,000" na gari yako ya 101,300 haitokei kabisa kwenye skrini yake, yaani hajakukata bei, hajakuona.

Kwa hiyo kama una 96,000 na wazo la kuuza limeshakuingia kichwani, uza sasa. Kama una 104,000, tulia endesha, ile ngazi ushaidondokea na hauwezi kuipanda tena. Na ukiwa we ndo mnunuzi, ile ya 104,000 yenye makaratasi safi mara nyingi ni dili kuliko ile ya 97,000 isiyo na historia yoyote.

Ngazi ya pili ni waranti. Viwanda vingi vinatoa miaka mitatu au mitano, Kia huko Ulaya inatoa saba. Siku inapoisha gari haijabadilika kitu ila mnunuzi anajua likitokea la kutokea ni lake peke yake. Na hapa soma vizuri ile karatasi, kuna waranti ambazo hazimfuati mnunuzi wa pili, kwa mfano Marekani ile miaka 10 ya injini na giaboksi ya Hyundai na Kia ni ya mwenye gari wa kwanza, wa pili anabakiwa na miaka 5 au maili 60,000 tangu gari ilipoanza kutumika. Muuzaji anaweza akakutangazia miaka 10 kwa mdomo mpana na wala hajui kwamba we haikuhusu.

Ya tatu ni sura mpya. Kiwanda kikitoa kizazi kipya cha gari, cha zamani kinazeeka siku hiyo hiyo hata kama kimetoka shorumu mwezi uliopita. Golf ya nane ilikuja 2019, Civic ya kumi na moja 2021, na kawaida kizazi kinakaa miaka mitano mpaka saba, katikati kinafanyiwa marekebisho ya taa na bampa. Ukiona kizazi kiko mwaka wa tano na picha za kijacho zimeshaanza kuzunguka, kuinunua ikiwa mpya mwaka huo ni kujitafutia hasara. Kuna wakati lakini inakuwa kinyume, mfano Golf ya nane watu walilalamikia vitufe vya kugusa mpaka Volkswagen wakarudisha vya kubonyeza kwenye usukani, na mtu aliyekereka hivyo anaitafuta ya saba iliyotunzwa na yuko tayari kuilipia. Kwa hiyo usiangalie tu kwamba mpya imetoka, angalia watu wanaisemaje.

Ya nne ni matengenezo makubwa yanayojulikana. Injini yenye mkanda wa taiming, kiwanda kinakuambia ubadilishe kwenye kilomita 100,000 hivi au miaka kadhaa, kimojawapo kikitangulia, inategemea injini. Ukikatika kwenye injini nyingi unapindisha valvu na hapo injini ndo basi tena. Mnunuzi anayejua akikuta gari ina 95,000 na mkanda ni ule ule wa kiwandani anakutoa gharama ya mkanda, anaongeza na pampu ya maji, anaongeza na usumbufu wake. Injini zenye cheni hazina hii ngazi, ila zina yake: kama mwenyewe alikuwa anachelewesha oili, cheni inalegea inaanza kelele asubuhi ikiwashwa, na mnunuzi mzoefu anataka aikute injini ya baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha na kuipasha kabla hujafika, jiulize.

Giaboksi nayo iko humu humu. Jina likishachafuka limechafuka. Ford Focus na Fiesta zenye giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili kavu, za miaka ya 2011 mpaka 2016 hivi, zilifikishwa mahakamani Marekani kwa sababu ya kutetemeka na kusita, na Nissan nako zile CVT (giaboksi za otomatiki za mkanda, zisizo na gia za hatua) za Sentra na Versa zilileta kesi mpaka waranti ikaongezwa. Gari yako binafsi inaweza isiwe na shida hata moja na bado ukabeba mzigo wa jina. Mimi naona hapa kuna nafasi kwa mnunuzi mjanja, kwa sababu Focus ile ile yenye gia za mkono haina ile giaboksi kabisa lakini inaburuzwa chini na jina la dada yake, unainunua rahisi unakaa nayo mpaka ichoke. Ila usiinunue ukitegemea kuiuza kesho, aliyekuuzia rahisi na we utauza rahisi.

Ya mwisho ni umri wa miaka 10. Si kwamba kuna kitu kinakatika siku hiyo, ni kwamba mikopo na bima kubwa zinaanza kuikataa gari ya umri huo, wanabaki wanunuzi wa keshi tu, na wanunuzi wakipungua bei inajua.

Chora mchoro wa gari unayoitaka

Usiamini jedwali la mtu yeyote la "gari zinazoshika bei". Soko ulilopo we ndo lenye jibu, na kulisoma ni kazi ya jioni moja. Chagua modeli moja, injini moja, aina moja ya gia. Usichanganye, ya 1.3 na ya 1.8 ni gari mbili tofauti kwenye soko hata kama bodi ni ile ile. Kusanya matangazo kuanzia ya mwaka mmoja mpaka ya miaka 12, andika mwaka, kilomita, bei. Ukiweza upate matano au sita kila mwaka. Toa ile ya juu sana na ya chini sana, chukua ya katikati. Alafu panga kwa mwaka na uangalie asilimia inayopotea kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine.

Utakachoona hakitakuwa mstari ulionyooka. Utakuta kuna miaka inaachana kidogo tu, na mahali fulani kuna shimo. Lile shimo ndo ngazi, na mara nyingi litakuwa pale kizazi kilipobadilika au waranti ilipokwisha. Gari ya kununua ni ile iliyokaa upande wa chini wa shimo huku mbele yake kuna miaka mitatu minne ya tambarare.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Bei ya tangazo ni ya matumaini, bei halisi iko chini, na namna ya kuikaribia ni kuhifadhi yale matangazo na kurudi baada ya wiki tatu: zilizotoweka haraka bei yake ilikuwa sawa, zilizobaki bei yake ni ndoto. Idadi ya siku ambazo tangazo linakaa ni kipimo kizuri kuliko hata bei yenyewe, gari inayouzika ndani ya siku chache inakupa nguvu ya kukataa ofa, inayokaa miezi inakulazimisha ukubali yoyote. La pili ni jina, gari moja inaitwa tofauti kutegemea ilitengenezwa kwa soko gani. Fit ni Jazz, Axela ni Mazda3, Demio ni Mazda2, Vitz ni Yaris. Ukitafuta jina moja umeona nusu ya soko.

Na kama pesa ya mahali ulipo inashuka thamani, usidanganyike na tarakimu. Mtu anakwambia "niliinunua, nimeitumia miaka minne na nimeiuza bei ile ile", anajisifu, wakati kwa hela aliyopokea hawezi kununua gari kama ile tena. Kipimo cha kweli ni kulinganisha na bei ya gari mpya ya aina ile ile leo. Kama used yako ilikuwa nusu ya bei ya mpya ulipoinunua na sasa ni theluthi, imeshuka, haijalishi tarakimu zinasemaje. Upande mwingine soko nalo linaweza likakupandisha bila we kufanya kitu, kama ilivyotokea 2021 na 2022 chipu za kielektroniki zilipoadimika viwandani, gari mpya zikawa hazipatikani na bei za used zikaruka, Marekani ilikuwa zaidi ya theluthi ndani ya mwaka mmoja. Walionunua kwenye kilele kile wakidhani gari zimeanza kuwa uwekezaji, nyingi zikaja kuwashukia vibaya.

Ukiwa unanunua, nunua kama muuzaji wa kesho

Rangi. Nyeupe, fedha, nyeusi, kijivu. Hazina raha najua, ila zinauzika. Njano na zambarau inamtaka mtu wake na mtu wake huenda yuko mbali. Siti za kitambaa safi, AC inayofanya kazi, milango mitano kuliko mitatu. Gia ya otomatiki au ya mkono inategemea sokoni kwako watu wanaendesha nini, uliza kabla. Toleo la chini kabisa lisilo na chochote na toleo la juu lenye kila kitu yote mawili yanaleta shida, la chini wanalikimbia na la juu ile hela ya ziada ya mapambo haimfuati mtu wa pili. La katikati.

Alafu odomita, maana nimesema mengi kuhusu kilomita na kuna watu kazi yao ni kuzishusha. Gari inayodai kilomita 35,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika kona, usukani unang'aa na siti ya dereva imelala upande mmoja, inadanganya. Angalia tairi ubavuni, kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari ya 2015 yenye kilomita 30,000 kwa nini tayari ina tairi zote za 2019? Inawezekana kuna sababu, ila akueleze. Stika ya oili kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti nayo inasahauliwa kufutwa, mara nyingine inasema 140,000 huku dashibodi inasema 80,000. Muombe fundi achomeke kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, zile tundu za OBD2 zipo kwenye kila gari iliyouzwa Marekani tangu 1996 na za petroli Ulaya tangu 2001, kwenye baadhi ya gari kilomita zinaandikwa kwenye kompyuta zaidi ya moja na mshushaji hakumbuki zote.

Chukua namba ya chasi (nyingi ni tarakimu na herufi 17, za soko la Japani huwa fupi), iangalie kama ina wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujafanyika. Eabegi mbovu za kampuni ya Takata ziligusa makumi ya mamilioni ya gari duniani na ndogo za Honda na Toyota zilikuwa nyingi humo. Ukikuta haijabadilishwa, marekebisho kwa kawaida ni bure kwa wakala, we unapata gari salama na karatasi ya kumuonyesha mnunuzi wako.

Ukiwa nayo

Hapa ndo watu wanapoteza hela kwa uvivu tu. Kila risiti, kila stika, kila bili ya fundi, tia kwenye faili moja, na juu yake andika tarehe na kilomita. Piga na picha, karatasi za risiti zinafutika. Kumbuka Akerlof, mnunuzi anakulipa kwa hofu ambayo hana, na hilo faili ndo linaiondoa. Gari mbili zinazofanana kila kitu, moja ina faili moja haina, yenye faili inauzwa kwanza na bei inashika. Na hauhitaji kwenda kwa wakala kila mara, fundi wa kawaida anayeandika risiti inayosomeka anatosha, hasa gari ikishapita waranti. Andika aina ya oili pia. CVT hasa, iwe na ushahidi kwamba oili ya giaboksi ilibadilishwa na ni ile iliyotakiwa, kwa sababu hiyo ndo hofu namba moja ya mnunuzi wa gari ndogo ya otomatiki siku hizi.

Usiibadilishe gari. Rimu kubwa, eksozi ya kelele, kushusha shoksi, taa za rangi, vyote hivyo unavilipia mara mbili, kwanza dukani alafu siku ya kuuza. Mnunuzi akiona gari imeshushwa anafikiria ilivyokuwa inaendeshwa. Kama lazima ubadilishe, tunza vifaa vya asili uvirudishe. Redio yenye skrini nzuri ya simu ndo pekee ninayoweza kuitetea kidogo, na hata hiyo iwekwe bila kukata nyaya.

Kutu itibu ikiwa doa. Mkwaruzo mdogo uache kuliko kupiga rangi paneli nzima kwa fundi asiyejua, kwa sababu kuna kifaa cha kupima unene wa rangi, wanunuzi wengi wanacho siku hizi, rangi ya kiwandani inasoma kama maikroni 100 mpaka 150 na paneli iliyopigwa upya inasoma zaidi. Akikuta mlango mmoja una 300 anajua imeguswa na ataanza kuhisi ajali hata kama ilikuwa ni toroli la supamaketi. Kama umepiga rangi kwa sababu ndogo, weka picha ya kabla.

Za umeme na haibridi

Hizi zina saa yake nyingine, betri. Haibridi kama Prius na Aqua zimeshika bei vizuri kuliko watu walivyodhani mwanzoni, betri zake nyingi zimedumu, na zinapokufa zinaweza kubadilishwa au kutengenezwa seli kwa seli. Umeme mtupu ni hadithi nyingine. Nissan Leaf ilitoka mwishoni mwa 2010 na betri ya kWh 24 isiyo na upozaji wa maji, kwenye sehemu za joto kali kama Arizona ikapoteza uwezo haraka na bei zikafuata. Dashibodi yake ina vijiti 12 vya hali ya betri, tofauti na vile vya chaji, na mnunuzi wa Leaf anahesabu vijiti kabla hata ya kuuliza kilomita. Gari za umeme za siku hizi nyingi zina upozaji na waranti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, na hapo ngazi yako ni hiyo miaka 8, itazame kama ninavyokwambia uitazame 100,000 ya odomita. Kabla ya kununua au kuuza, pata ripoti ya afya ya betri kwa asilimia. Bila hiyo mnunuzi anakisia, na akikisia anakisia chini.

Siku ya kuuza

Usitengeneze vikubwa ili uuze, gharama ya kupiga injini upya hairudi. Tengeneza vya bei ndogo vinavyotisha: taa ya cheki injini, taa ya eabegi, balbu iliyoungua, waipa, harufu ya sigara, taa za mbele zilizopauka (zinang'arishwa, hazibadilishwi). Tairi mbili mpya zinazofanana mbele ni bora kuliko nne za aina nne. Injini usiioshe ikang'aa kama kioo, mnunuzi anajiuliza unaficha uvujaji gani, futa vumbi tu.

Kwenye tangazo taja kasoro mwenyewe, na picha yake. Watakaokuja wanakuja wakijua, na mnunuzi aliyeona umesema mkwaruzo anakuamini kwenye giaboksi. Andika kilomita halisi, usiandike "chini ya laki". Ukiwa na mkanda wa taiming uliobadilishwa, iwe sentensi ya kwanza, na picha ya risiti iwe ya pili baada ya picha ya gari.

Bei panga kidogo juu ya ile ya katikati uliyoipata kwenye mchoro wako, ila chini ya namba nzima ambayo watu wanachujia. Kama kuna ngazi inakuja ndani ya miezi mitatu, kizazi kipya kinazinduliwa, waranti inaisha, odomita inakaribia laki, usisubiri ofa ya ndoto, chukua iliyo karibu na katikati. Kama ngazi iko mbali na gari haikusumbui, ofa ya kwanza ikija chini mwambie asante, atakayefuata yupo, gari ndogo haikosi mtu.

Kabla ya kukubali bei yoyote piga ile hesabu moja ya mwisho: bei uliyonunulia toa unayouzia, gawanya kwa kilomita ulizoendesha. Hiyo namba iweke kando ya ile unayotumia kwa mafuta kwa kilomita. Kama kushuka kwa bei kunazidi mafuta, gari inayofuata anza kuitafuta mwaka mmoja au miwili chini zaidi kwenye mchoro.